Nani Alihesabu Miaka Yao? Historia fupi ya medali, breve na aksanti ya kazi katika Kivu yetu



Katika mkutano wetu wa mwisho pendekezo moja dogo lilileta maneno mengi. Wamemba fulani waliomba kwamba tarehe 1 Mei ijayo chama chetu kitoe breve na kikwembe kwa wazee na mama waliotumika muda mrefu: walimu, wauguzi, masentineli, wapishi, makarani wa zamani wa makampuni, na hata wale wanaobeba daftari ya michango yetu tangu mwanzo. Wengine walikataa kabisa. Walisema breve hailiwi. Walisema mzee ambaye hajapata pansioni yake hana haja na karatasi yenye muhuri, na kwamba makuta hayo yaende katika sanduku la wagonjwa na matanga.

Mjadala ule haukuisha. Kamati ikaomba tuandike kidogo juu ya historia ya zawadi hizi za kazi: zilitoka wapi, zilimfaa nani, na zimetuachia nini sisi watu wa Kivu tuliokimbia na kurudi. Tuseme mapema kwamba pande zote mbili zina haki kwa sehemu. Lakini historia inaonyesha kwamba swali la kwanza si breve ama makuta. Swali la kwanza ni: nani alihesabu miaka ya mtu huyu, na hesabu hiyo iko wapi leo?

1. Medali ya kwanza haikuwa ya mbebaji

Tarehe 16 Januari 1889 mfalme Leopold II wa Ubelgiji aliunda medali iliyoitwa Étoile de service, ni kusema Nyota ya utumishi. Ilikusudiwa maajenti wa Dola Huru ya Kongo waliomaliza muda wao wa kazi huku kwetu. Aliyerudia muda mwingine aliongezewa mstari. Ukimwona mtu na nyota yake, ungeweza kusoma kifuani pake ametumika Kongo mara ngapi. Hesabu ilikuwa safi.

Na mbebaji aliyetembea na sanduku kichwani? Huyo alilipwa kitambaa, shanga, ama mitako, vile vijiti vya shaba vilivyotumika kama makuta siku zile. Mara nyingi jina lake halikuandikwa popote. Hakuna aliyejua amebeba masanduku mangapi wala amefanya safari ngapi. Basi tangu mwanzo kabisa, katika inchi yetu, kuhesabiwa miaka ya kazi kulikuwa heshima ya wachache.

Kulikuwa pia medali nyingine, ile ya machifu. Serikali ya Leopold ilimvika shingoni chifu iliyemtambua, na watu wakasema "chifu wa medali". Mara nyingine alikuwa mwami wa kweli, mara nyingine alikuwa mtu ambaye wazee wa pale hawakumjua hata kidogo, lakini Mzungu alimwona anafaa. Tangu hapo watu wetu walijifunza somo ambalo halijatoka kichwani: medali haisemi kila mara kwamba umetumika vizuri. Mara nyingi inasema tu nani anakupenda kule juu. Tukisikia leo mtu anacheka breve, tujue kicheko chake kina mizizi ya zamani.

2. Makampuni: posho, kapita na kinga

Halafu yakaja makampuni. Kusini kule Katanga, Union Minière ilianza 1906. Mwanzoni watu walichukuliwa kwa miezi michache, wengi wakafa kwa magonjwa, wengine wakatoroka, na kila mara kampuni ilibidi kutafuta wengine mbali. Ilikuwa gharama kubwa. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikabadilisha siasa yake: kontra ya miaka mitatu, mfanyakazi akae na mke na watoto katika kampi, kuwe posho, hospitali, shule. Hawakufanya hivyo kwa huruma tu. Walikuwa wamepiga hesabu na kuona kwamba mtu anayejua kazi na anayebaki ana faida kuliko watu kumi wanaokuja na kuondoka. Tuweke jambo hili akilini, maana litarudi mbele.

Huku Kivu, wakati Bukavu bado inaitwa Costermansville, kazi ilikuwa katika migodi ya dhahabu na bati, katika mashamba ya chai, kahawa na kinini, kisha katika viwanda. Waliotumika nyakati hizo wanakumbuka kapita, wanakumbuka kengele ya asubuhi, wanakumbuka kitabu kidogo cha kazi ambamo patroni aliandika ulipoingia na ulipotoka. Wanakumbuka pia zawadi. Mtu akifikisha miaka mingi aliitwa mbele ya wenzake, akapewa kinga, ama redio, ama mabati ya kufunika nyumba, ama mashine ya kushona kwa ajili ya mama. Nyumba ya aliyepata mabati ya kampuni ilijulikana kartie nzima.

Zawadi hizi zilikuwa na faida ya kweli, tusizicheke. Lakini tutazame pia tarehe. Pansioni ya lazima kwa wafanyakazi Wakongomani ilikuja kwa amri ya 6 Juni 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Ni kusema mtu aliyeanza kazi akiwa kijana katika miaka ya 1920 alimaliza nguvu zake zote bila sheria yoyote iliyomwahidi uzee. Kinga na redio vilitolewa mahali ambapo haki haikuwepo. Ndiyo maana wapinzani wa breve katika mkutano wetu wana sehemu ya ukweli: zawadi inaweza kuwa kitambaa kizuri cha kufunika deni.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni iliunda pia kadi ya kumsifu Mkongomani aliyeonekana ameendelea, carte du mérite civique. Ili uipate ilibidi kujua kusoma na kuandika, kuwa na mke mmoja, na kukaguliwa mwenendo wako. Wachache sana waliipata. Hapa tena haikuwa hesabu ya kazi. Ilikuwa mtihani ambao anayesahihisha ni bwana mwenyewe.

3. Zaire: medali zilibaki, makuta yakayeyuka

Baada ya uhuru serikali iliunda INSS kwa amri ya 29 Juni 1961, kwa ajili ya pansioni na ajali za kazi. Tarehe 24 Mei 1966 Mobutu aliunda medali kubwa ya taifa, Ordre national du Léopard. Mwaka 1967 ikatoka Kanuni ya kazi, na vyama vya wafanyakazi vikaunganishwa kuwa kimoja tu. Tarehe 1 Mei ikawa siku ya kutembea mbele ya gavana: kila kampuni na bendera yake, wafanyakazi katika kitambaa kimoja, halafu breve, halafu pombe. Wengi wenu mnaosoma hapa mlitembea, ama mlikimbia pembeni mkiwa watoto ili kumwona baba.

Kwa nje mambo yalikuwa mazuri. Ndani hesabu ilianza kuharibika. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisation, na mashamba na maduka ya wageni yakapewa wenye mali wapya. Patroni alibadilika usiku mmoja. Mfanyakazi aliyekuwa na miaka 15 shambani aliamka asubuhi mbele ya bosi asiyemjua na asiyejua lolote juu ya miaka yake. Mashamba mengi yalididimia.

Kisha makuta yenyewe yakafa. Oktoba 1993 zairi mpya moja ilichukua nafasi ya zairi 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 franga moja ya Kongo ikachukua nafasi ya zairi mpya 100,000. Mpige hesabu pamoja nasi: franga 1 ya mwaka 1998 ilikuwa sawa na zairi za zamani milyari 300. Mzee aliyechangia pansioni yake kila mwezi katika miaka ya 1970 na 1980, mchango wake uliliwa wote na zile sifuri. Hakuna aliyemwibia kwa mkono. Lakini siku alipofika kwenye dirisha, kile alichopewa hakikutosha kulipa tiketi ya kumrudisha nyumbani.

Na hapa ndipo jambo la kushangaza linaonekana. Katika nyumba za Kadutu, za Ibanda, za Bagira, makuta yale hayapo, kinga iliuzwa, redio iliibiwa wakati wa uporaji wa 1991 ama 1993. Lakini kuko nyumba ambamo breve bado iko ukutani, ndani ya kioo, imegeuka rangi ya chai. Imeandikwa jina, imeandikwa miaka. Kati ya vyote alivyopewa yule mzee, karatasi ile iliyosemwa hailiwi ndiyo iliyobaki.

4. Vita na makaratasi

Sisi wa chama hiki hatuhitaji kuelezwa vita. Bukavu ilianguka mwisho wa Oktoba 1996. Tarehe 2 Agosti 1998 vita ya pili ikaanza. Juni 2004 mji ukatekwa tena. Februari 2025 ukabadilisha mikono tena, na mabenki yakafunga milango. Kila mara watu wamekimbia, wengine hadi Burundi, wengine hadi Kigoma, wengine Zambia. Na kila mara mabiro yamevunjwa, makabati yamemwagwa, madosie yametumika kuwasha moto ama kufunga karanga sokoni.

Tunalia nyumba na ng'ombe, na ni haki. Ni mara chache tunalia dosie. Lakini mtu aliyepoteza dosie yake amepoteza ushahidi wa maisha yake ya kazi.

Tutoe mifano miwili inayojulikana na wote. SOMINKI iliundwa 1976 kwa kuunganisha makampuni kadhaa ya madini ya Kivu na Maniema. Bei ya bati ilipoanguka duniani mwaka 1985, kampuni ikaanza kufa polepole, na mwaka 1997 ikafungwa. Wafanyakazi wake wa Kamituga, wa Kalima na kwingine walikaa miaka mingi wakidai hesabu yao ya mwisho, ile tunaita décompte final. Wengine walikufa wakiwa bado kwenye orodha, wajane wao wakaendelea kwenda mikutanoni.

Mfano wa pili ni wa mji wetu wenyewe. Kati ya 1999 na 2003, wakati wa utawala wa RCD, wafanyakazi wengi wa kiwanda cha pombe cha Bralima hapa Bukavu waliachishwa kazi. Hawakunyamaza. Desemba 2015, zaidi ya miaka kumi baadaye, kikundi cha wafanyakazi 168 wa zamani kilipeleka malalamiko Uholanzi, mbele ya biro inayoangalia kama makampuni ya kule yanafuata mwongozo wa OECD, kwa kuwa Bralima ilikuwa mali ya Heineken. Mwaka 2017 pande mbili zilifikia mapatano. Yaliyoandikwa ndani hayakutangazwa yote, lakini malalamiko hayakutupwa.

Watu 168! Tufikiri kidogo hilo linahitaji nini. Linahitaji orodha. Linahitaji jina, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka, kazi uliyofanya. Linahitaji watu waliokaa pamoja baada ya kuachishwa, wakajuana, wakahesabiana. Neno "nilitumika muda mrefu" peke yake halivuki hata ziwa Kivu. Orodha yenye majina na tarehe ilifika Uholanzi.

Tusisahau pia wale ambao kutumika kwao kuliisha kwa damu. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, kule Uvira, ilishambuliwa; wagonjwa na wafanyakazi waliuawa. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akiongoza hospitali ile, alikuja baadaye kuanzisha hospitali ya Panzi mwaka 1999, na mwaka 2018 alipewa Nobel ya amani. Tunafurahi nayo kama watu wa Bukavu. Lakini hospitali haiendeshwi na mtu mmoja. Kuko muuguzi wa usiku, kuko mama anayefua mashuka, kuko sentineli wa mlangoni. Zawadi za dunia haziwezi kuwafikia hao wote. Kazi hiyo ni yetu sisi tulio karibu nao.

5. Miaka ya kampi

Kuko miaka mingine ambayo hakuna Leta, hakuna kampuni wala INSS iliyoihesabu: miaka yetu ya ukimbizi.

Kampi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma ilifunguliwa 1996. Kampi ya Lugufu ilifuata. Ndani yake Wakongomani walifundisha watoto kwa programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi mtoto asianze upya. Wengine walikuwa wauguzi, wakunga, wagawaji wa chakula, wakalimani. Tanzania haikuruhusu mkimbizi aajiriwe kama raia, basi hawakupata mshahara. Walipata posho ndogo ya kuwatia moyo. Mwalimu aliyesimama mbele ya darasa kwa miaka tisa, katika karatasi hakuwa mwalimu. Alikuwa mkimbizi anayesaidia.

Tangu 2005 watu walianza kurudi kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka. Walibeba magodoro, masufuria, mabati ya msaada. Wachache, sana sana waliokuwa na mkuu mwenye akili, walibeba karatasi moja inayosema: huyu alifundisha hapa tangu tarehe hii hadi tarehe ile. Sisi tunaofanya kazi za mashirika vijijini tumeona tofauti. Aliye na karatasi ile anaonana na mkuu wa shule akiwa mwalimu. Asiye nayo anaonana naye akiwa mwombaji. Wote wawili walifanya kazi ileile, chini ya hema lilelile.

Na aliyebaki nyumbani hakuwa na bahati zaidi. Tangu mgomo mkubwa wa 1992 na 1993, wazazi ndio waliobeba shule kwa michango yao. Hata baada ya kutangazwa elimu ya msingi ya bure mwaka 2019, bado kuko walimu wanaoitwa N.U., nouvelles unités, wanaofundisha bila kuingia katika orodha ya malipo. Mwalimu wa namna hiyo anaweza kuzeeka darasani na serikali isijue kwamba aliwahi kuanza.

6. Mfanyakazi hodari na mfanyakazi wa miaka mingi

Wale mliokaa Tanzania mnaikumbuka Mei Mosi ya kule. Kila mwaka kila idara inachagua mfanyakazi hodari, anapewa cheti na bahasha, watu wanapiga vigelegele. Ni desturi nzuri. Wengine katika chama wanapendekeza tuifuate vile ilivyo.

Sisi tunaona tofauti inayofaa kuangaliwa. Mfanyakazi hodari anachaguliwa, na anayechagua ni mkuu. Palipo na kuchagua, pana manung'uniko: kwa nini yule na si mimi, kwa nini mara hii tena mtu wa kabila lile? Katika mji wetu, ambapo maneno ya kabila yameshamwaga damu, tusiongeze kuni katika moto. Lakini miaka haichaguliwi, inahesabiwa. Miaka 20 ya sentineli ni miaka 20 sawa na ya mkurugenzi. Haiulizi wewe ni Mushi, Mrega, Mfuliiru, Mbembe, Mhavu ama Munyamulenge. Haiulizi kama bosi anapenda sura yako.

Tutazame mbali kidogo. Mwaka 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai saa nane za kazi kwa siku. Wengine walikufa, na kwa ajili yao dunia inashika tarehe 1 Mei. Mwaka uleule wa 1886 serikali ya Ufaransa iliunda medali ya heshima ya kazi kwa waliotumika miaka 30 mahali pamoja. Medali hiyo iko hadi leo, na inatolewa kwa ngazi: miaka 20, 30, 35 na 40. Njia mbili katika mwaka mmoja. Moja ni haki inayodaiwa kutoka chini, nyingine ni heshima inayotolewa kutoka juu. Watu wengi wanafikiri lazima uchague moja. Lakini zote mbili zinasimama juu ya msingi mmoja: saa na miaka ya mfanyakazi ni kitu kinachoweza kuhesabiwa, na asiyehesabu anaiba.

7. Sheria inasema nini leo

Wengi hawajui kwamba Kanuni ya kazi ya Kongo, sheria ya 16 Oktoba 2002, inaheshimu miaka kuliko tunavyofikiri. Likizo inaongezeka siku moja kwa kila miaka mitano kwa mwajiri mmoja. Mwajiri akitaka kukuachisha, muda wa kukujulisha ni siku 14 za kazi, na juu yake siku saba kwa kila mwaka kamili uliotumika. Mwenye miaka 10 kwa hiyo ana haki ya siku 84 za kazi. Ndiyo maana hesabu ya miaka si mapambo. Ni makuta.

Sheria hiyohiyo inasema kwamba kontra inapoisha, kwa sababu yoyote ile, mwajiri lazima akupe cheti kinachoonyesha kazi uliyofanya, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na namba yako ya INSS, ambayo leo inaitwa CNSS. Na inaongeza: neno lingine lolote lisiandikwe juu yake. Si sifa, si lawama. Sheria ilifanya vizuri, maana bosi mwenye hasira angeweza kuharibu maisha ya mtu kwa mstari mmoja.

Lakini tunaona hapo kitu cha maana kwa mjadala wetu. Cheti cha sheria kimekatazwa kusema aksanti. Ni hesabu tupu. Basi aksanti inahitaji karatasi yake yenyewe na siku yake yenyewe. Aliye na cheti cha sheria peke yake anaweza kudai haki, lakini hakuna aliyemshukuru. Na aliye na breve peke yake ameshukuriwa, lakini haki yake inaning'inia. Mtu anayeheshimiwa kweli ana karatasi zote mbili.

Tuseme pia neno juu ya kazi zetu za leo, za mashirika. Kontra ni ya miezi sita, ya mwaka mmoja, kufuata mradi. Mradi unakwisha, wafadhili wanabadilika, kontra mpya inaanza kutoka sifuri. Sheria inaweka mipaka kwa mchezo huo wa kontra fupi, lakini kila siku tunaona dereva ama mhamasishaji wa miaka 12 ambaye katika karatasi ni mtu mpya kila Januari. Anajua kila njia ya Kalehe na Shabunda, anajua chifu gani wa kuonana naye kwanza, amewafundisha wakuu wake watano waliopita. Siku anapoondoka, ujuzi wote unaondoka naye, na shirika linaanza kulipa semina za kufundisha wengine. Makampuni ya zamani walijua hasara hiyo kwa hesabu ya franga. Sisi leo tunaisahau.

8. Tunapendekeza nini

Wazee walisema mcheza kwao hutunzwa. Walisema pia shukrani ya punda ni mateke. Mtu aliyechezea kwao miaka 30 na kutunzwa mateke, watoto wake wanaona, na wanajifunza. Wanajifunza kwamba kukaa na kutumika ni ujinga, kwamba mwenye akili ni yule anayekula haraka na kukimbia. Hilo ndilo deni kubwa kuliko pansioni, na linalipwa na mji mzima.

Kwa hiyo tunasema hivi mbele ya kamati na wamemba wote:

Kwanza, daftari kabla ya breve. Kabla ya 1 Mei kila tawi lifungue daftari ya miaka ya kazi. Kila memba aje na kile alicho nacho: kitabu cha kazi, kadi ya INSS, karatasi ya malipo, cheti cha kampi, hata picha ya gwaride. Asiye na kitu aje na mashahidi wawili waliotumika naye, waandike na kutia sahihi. Tupige picha za karatasi zote kwa simu na tuziweke mahali zaidi ya pamoja, ndani ya mji na nje. Tumejifunza vya kutosha kwamba kabati moja halitoshi.

Pili, tuhesabu kazi zote. Miaka ya Nyarugusu ni miaka. Miaka ya mwalimu N.U. ni miaka. Miaka ya mama aliyepika katika kituo cha afya ni miaka. Chama chetu si CNSS, hatuwezi kumpa mtu pansioni kwa hesabu hiyo. Lakini tunaweza kusema kwa maandishi kwamba ilikuwepo.

Tatu, breve itolewe kwa miaka, si kwa kuchaguliwa. Miaka 10, 20, 30. Asomwe jina mbele ya watu, aelezwe alianza wapi na lini, watoto na wajukuu wake wakiwepo. Kikwembe kisipozidi nguvu ya sanduku, kitolewe. Kikizidi, breve inatosha, mradi tarehe zake ni za kweli.

Nne, familia za waliokufa ziitwe. Mjane wa mfanyakazi wa SOMINKI asomewe miaka ya mumewe na apewe karatasi mkononi.

Tano, pale ambapo daftari litaonyesha haki isiyolipwa, kamati isiishie kwenye makofi. Imsindikize mtu huyo kwa mkaguzi wa kazi, CNSS ama chama cha wafanyakazi. Breve ikiwa mlango wa kumaliza kudai, wapinzani wake watakuwa na haki. Ikiwa mlango wa kuanza kudai, hata wao tunaamini watakubali kuisaini.

Matawi yote yalete jibu lao katika mkutano ujao. Na yule aliye na mzee nyumbani asingoje mkutano. Amuulize leo jioni alianza kazi mwaka gani, aandike, na aweke tarehe chini.